Sarafu ya Kobe na Ukwaju wa Bi Rukiya

Shemsa ni sonara wa Hockley, mtaa wa vito huko ughaibuni, na masonara wana miiko yao. Mmoja ni huu: sarafu ya kale haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake. Ukiuondoa, wajuzi watakwambia umeiua. Basi mteja wake Darshana alipomletea sarafu ya fedha ya Wagiriki wa kale, yenye picha ya kobe, aliyoachiwa na marehemu baba yake, aizungushie dhahabu iwe kidani, Shemsa aliapa kutougusa weusi huo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana tangu afungue karakana yake mwenyewe.

Lakini hakumwapisha mama yake.

Bi Rukiya, aliyekuja kutoka Unguja kumtazama mwanawe, hajui kukaa bure. Shemsa alipotoka kidogo, mama akaona kisarafu cheusi tii mezani, akaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Kwao fedha haiendi harusini na masizi. Akakiloweka kwenye ukwaju, akakisugua kwa kidole gumba. Shemsa aliporudi, kobe alikuwa anang'aa.

"Mama! Umenimaliza!"

"Nimekumaliza nini? Kilikuwa cheusi kama tako la sufuria."

Maji yakimwagika hayazoleki. Shemsa alimpigia simu Darshana, akamwambia bila kumung'unya neno kwamba sarafu imesuguliwa, kisha akakaa kungoja. Jina la sonara likichafuka Hockley, hakuna ukwaju wa kulisafisha.

Darshana alifika mbio kutoka kwake, mtaa wa Moseley. Akaishika sarafu, akainusa, akaanza kulia.

"Dada Darshana, nisamehe..."

"Ngoja kwanza. Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mwanangu," akasema Bi Rukiya, sauti imemshuka.

"Mama, baba yangu alikuwa anaisugua na ukwaju kila Diwali! Sisi ni watu wa Kisumu. Kuna dealer wa sarafu za kale alimgombeza mpaka akamfukuza dukani. Ule weusi ulikuwa wa tangu afariki tu, hakuna mtu aliisafisha tena. Shemsa, niliogopa kukuambia, nikafikiri utakataa kazi."

Shemsa akajibwaga kwenye stuli na kucheka mpaka machozi. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Bi Rukiya, aliyekuwa amenywea pembeni, alikwisha kurudi kimo chake na kuuliza chai iko wapi.

"Sasa hiyo dhahabu," Darshana akasema, akifuta macho, "usiifunge pande zote. Niwachie kobe wazi, kidole changu kifike kumsugua."