Naam Niliyoisema Posta

Mimi sikuumbwa kwa kungoja. Maji yakichelewa kuchemka nafunua sufuria kila mara, na mtu akianza kunisimulia habari kwa kuzunguka humkatiza nikamwambia aseme lililomleta. Kwa hiyo siku ile nilipoitwa posta ya Chake Chake baada ya alasiri, nikaongee na mume wangu kwa simu ya upepo, nilifika jua bado kali. Nikakaa kwenye benchi, nikainuka, nikakaa tena, mpaka karani akaniuliza kama nimekalia siafu.

Mume wangu alikuwa Unguja na binti yetu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amemaliza juzuu ya kwanza ya Kurani chuoni. Alikwenda Kengeja kwa bibi yake, akakanyaga kijiti cha muhogo kilichokatwa mshazari, asiseme, maana alijua akisema atakatazwa kucheza. Alipoanza kuchechemea, mguu ulikuwa umeshavimba. Hospitali ya kwetu walimsafisha, wakamfunga, wakamchoma sindano, mwisho wakasema apelekwe Unguja kwa madaktari wakubwa. Nilitaka kwenda mimi. Nilikuwa na mimba kubwa, wakanikatalia wote, mama mkwe akiwa wa mwanzo. Basi siku ya safari nikamshika mume wangu mkono nikamwambia jambo moja tu: wakitaja kisu, asikubali bila ya kuniuliza, na jibu langu analijua. Kengeja alikuwepo mzee mmoja anayetibu vidonda kwa majani, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaamua kuwa mtoto atarudishwa huko.

Sasa hiyo simu. Kati ya Pemba na Unguja haikuwa na waya. Sauti ilirushwa hewani, na cha hewani hakina mlango. Mtu yeyote mwenye redio nzuri ya betri, akizungusha kitasa taratibu kupita stesheni za kawaida, aliwasikia watu walioko Unguja wakizungumza na jamaa zao wa Pemba. Walisikika wa Unguja tu. Sisi wa huku hatukusikika, lakini watu wa mtaa wetu wa Madungu walikuwa mafundi wa kukisia upande wa pili. Kila alasiri wenye redio walifungua, wasio na redio wakaja kuomba kaa la moto na kusahau kuondoka, na ikifika magharibi kila mtu anajua nani kaposa, nani kaachwa, nani anaumwa na nini. Serikali ilikataza. Posta wakabandika tangazo ukutani, na tangazo hilo ndilo lililowafahamisha wale waliokuwa hawajui bado.

Karani akaniingiza katika kijumba cha mbao, akanipa chombo chenye kitufe ubavuni.

"Bi, ukisema bonyeza, ukisikiliza achia. Ukibonyeza hutasikia kitu."

Nikamwambia nimefahamu, na kweli nilifahamu. Lakini kufahamu ni kitu kimoja na kulelewa ni kitu kingine. Mimi nililelewa kuwa mume akizungumza mke hakai kimya kama gogo. Kila anapovuta pumzi unamwitikia. Na ili niitikie, ilibidi nibonyeze.

"Hali yake..." akasema, na nyuma ya sauti yake palikuwa na mvumo kama wa samaki anayekaangwa.

"Naam."

"...daktari mwenyewe kanionyesha..."

"Naam."

"...mpaka chini ya..."

"Naam, naam."

Kila nikiitikia nilimkata, na kila nikiachia nilimkuta ameshafika mbele. Nilijua tumepewa dakika chache, nikahemewa, na badala ya kunyamaza nikazidi kuitikia. Mwisho nilimsikia wazi kabisa akisema, "Mungu akulipe, mke wangu," kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia. Kisha simu ikafa. Nikamwomba karani anirudishie. Akasema Unguja wana watu wengine wanaongoja na mtambo unakaribia kufungwa, nije kesho asubuhi.

Nilitoka nje nikiwa na swali moja tu kichwani. Mungu anilipe kwa lipi? Kuna jambo nimeulizwa, na nimelijibu naam, nami silijui.

Nikapita sokoni kwa kuwa miguu haikutaka kwenda nyumbani. Muuza samaki, mwanamke ambaye siku zote hukupimia kwa jicho la kuibiwa, akanitilia changu wa pili juu ya niliyemnunua, akageuka pembeni kabla sijamshukuru. Kwenye baraza la duka wanaume waliokuwa wakibishana walinyamaza nilipofika, wakaendelea nilipopita. Njiani nikakutana na mwalimu wa chuoni, yule aliyekuwa akimsomesha binti yangu.

"Subira, binti yangu," akanambia.

"Subira ya nini, mwalimu?"

"Subira ni jambo jema." Akaondoka mbio kuliko ilivyokuwa kawaida ya miguu yake.

Hapo hasira ikanipanda. Kumbe wote wanajua! Madungu nzima imeyasikia maneno aliyoambiwa mke na mumewe, isipokuwa huyo mke. Na hapana hata mmoja ambaye angenambia, kwa sababu kunambia ni kukiri kuwa alikuwa ametega sikio. Nilitamani nisimame katikati ya njia nipige kelele. Mtoto ni wangu, mguu ni wa mtoto wangu, na habari iko katika kila jiko isipokuwa langu.

Redio iliyosikia vizuri kuliko zote ilikuwa ya jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Waya wake ulipanda mpaka kileleni mwa mnazi. Lakini hizo zilikuwa zama za siasa, chama chao hakikuwa chetu, na sisi wawili tulikuwa tumeacha kuazimana hata chumvi. Nikitoka mimi kufagia, yeye huingia ndani. Nilizunguka uani kwangu, nikashika ufagio, nikautupa. Kisha nikaenda nikapiga hodi.

Akafungua mlango kidogo, nusu ya uso.

"Masalkheri," nikasema. "Nambie mume wangu kasema nini."

"Miye sisikilizi simu za watu."

"Najua. Leo nakuomba uwe umesikiliza."

Akalitazama tumbo langu, akafungua mlango wote. Akaniweka kwenye mkeka, naye akabaki wima.

"Kwani weye hukusikia?"

"Sikusikia kitu. Nilikuwa naitikia."

"Yarabi," akasema, akakaa chini. "Kasema nguu wa ntoto ushaoza. Umefika hapa." Akajigusa ugokoni, akapandisha kidole mpaka karibu na goti. "Madaktari wataka kuukata kesho, kabla ya adhuhuri. Wasema wakingoja utapanda, na ukipanda hawawezi tena. Kisha nkansikia kakuuliza, wakubali? Miye weye sikukusikia. Lakini yeye kasema, Mungu akulipe, nke wangu, nilidhani utakataa."

Nikataka kuinuka, tumbo likanirudisha mkekani.

"Tulikuwa wengi hapa," akaendelea, sauti imeshuka. "Sote twalia. Twasema, yule mwanamke ana moyo."

Ningemtukana, lakini alikuwa analia tena. Nikamwambia sina moyo wowote. Nikamwambia lau ningesikia ningesema hapana, na hapana, na hapana, mpaka kitufe kivunjike. Nilikuwa nimeiweka hapana hiyo tayari tangu siku ya safari. Nikamwambia kesho naenda kuisema.

Hakunibishia, wala hakunipa mawaidha, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alinishika kidole gumba tu, akakikunja ndani ya kiganja changu.

"Kesho usiitikie," akasema. "Nyamaza kama nnyamazavyo miye kwenye redio. Nsikilize kwanza mpaka amalize. Kisha sema utakalo."

Asubuhi nilikuwa posta kabla ya kufuli kufunguliwa, nikitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Karani hakuniuliza habari ya siafu. Aliwaita Unguja, Unguja wakaunganisha na hospitali, wakatumwa watu wamtafute mume wangu, na muda huo wote nilikuwa nimeshika chombo nikiisikiliza hewa. Mvumo ulikuwepo, ila mdogo. Hapana yangu ilikuwa mdomoni, imeshaiva.

"Hallo," akasema. "Ni wewe?"

Nikabonyeza. "Ni mimi. Jana sikusikia. Nambie upya, yote." Nikaachia, nikakunja kidole.

Akaanza. Alisema polepole. Mguu umekuwa mweusi. Homa haishuki. Daktari kamwonyesha ulipofika jana na ulipofika leo. Kamuuliza daktari kuhusu majani ya Kengeja, daktari hakumcheka, kamwambia kwamba mtoto hatafika Kengeja. Kila alipovuta pumzi koo langu lilitaka kusema naam, nikalizuia. Yeye kwa kutonisikia akafadhaika. "Hallo? Umo? Mke wangu, umo?" Sikubonyeza. Nilijua Madungu wapo, wanatega kama mimi, na kwa mara ya kwanza sikuwajali.

"Mtoto mwenyewe kaambiwa," akasema. "Usiku alikataa. Alipiga kelele wodi nzima ikaamka. Kanambia, mama hatakubali, nakwenda kwa mama. Sikuwa na la kumjibu ila lile ulilonambia jana. Nikamwambia, mama keshakubali. Mama ndiye aliyekubali mwanzo, kabla yangu mimi. Basi akanyamaza. Tangu hapo hajalia. Sasa kanituma nikuulize kama ni kweli."

Karani alikuwa ameugeukia ukuta. Hapana yangu niliyoihifadhi siku zote zile niliitafuta, na ilikuwepo, lakini hapakuwa tena na mtu wa kumpa. Nikakikunjua kidole, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.

"Mwambie ni kweli," nikasema. "Mwambie mama kasema waukate."