Kumtafuta Daktari Nasor Alabama

Kosa langu nalisema mwanzo, maana Matrah nzima, mji wetu huu wa bandari, wameshalijua na kila anayelisimulia analitia chumvi: nilipanda ndege mpaka Amerika kumtafuta mpwa wangu Nasor katika hospitali ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga.

Sababu ya safari ilikuwa jicho. Jirani yetu Bi Moza alipata mtoto wa jicho. La kushoto likaziba, la kulia likaanza kuingia ukungu. Hospitali ipo hapa hapa Matrah, na daktari wake Mmarekani alishamwambia aje apasuliwe. Lakini dada yangu Salma, mama yake Nasor, akamzuia. "Usimpe mgeni jicho lako, Moza. Daktari wangu yuko Amerika, karibu atamaliza." Bi Moza akangoja. Alingoja mpaka akawa anatembea kwa kupapasa kuta za kichochoro, na siku moja alimwamkia mbuzi wetu "masalkheri", akakasirika kwa kutojibiwa.

Mwaka 1970, sultani mpya wa hapa aliposhika, milango ya mji ilipoacha kufungwa usiku na ruhusa za kusafiri zikalegea, ndugu yetu wa Kuwait akaleta tiketi: mtu aende, arudi na Nasor, au angalau na jibu lini atarudi. Wote wakanitazama mimi, ambaye tangu tuhame Unguja sijapenda kulala nje ya kitanda changu, na hata Sib, mji wa jirani tu, kwangu ni ughaibuni.

"Weye ndiye uliyesoma Kiingereza, Seif," alisema dada.

Nilisoma, kweli. Nilimaliza sekondari, na mwalimu wangu alisema Kiingereza changu kinatosha kuombea radhi.

Kutoka uwanja wa Bait al Falaj mpaka Bahrain, kisha London, nilipakata bakuli la halwa kama mtoto mchanga. New York, mtu wa forodha alichovya kidole, akanusa, akaonja, akawaita wenzake waje wakague. Walikagua theluthi nzima.

Birmingham, Alabama, nilifika asubuhi, nikiwa na hesabu yangu kichwani: anwani ya barua zake ni ya mji mwingine, lakini daktari hukaa hospitali. Nikamwambia dereva wa teksi anipeleke penye chuo cha udaktari cha serikali ya jimbo. Pana hospitali kubwa hapo, wanakotibiwa maskini, na wanafunzi hujifunzia kwao. Niliingia na kanzu, kofia na koti, uso umenipauka kwa safari. Kabla sijafungua mdomo, nesi mmoja akanishika kiwiko, akanionyesha kitanda. Kwetu mgeni akionyeshwa pa kukaa hukaa. Na mimi nikalala.

Akaja profesa mwenye koti refu jeupe, nyuma yake kundi la vijana wenye makoti mafupi. Huko koti hurefuka mtu akishahitimu. Akanibonyeza chini ya mbavu za kushoto, mkono ukasimama, macho yakang'aa.

"Umewahi kuugua malaria?"

"Nimetoka Unguja," nikamjibu, nikidhani hapo nimeshamaliza maelezo yote.

Akawapanga wanafunzi foleni. Mmoja baada ya mmoja wakaja kulibonyeza bandama langu, lililovimbishwa na malaria za zamani, kama wanunuzi wanaochagua papai. Wa mwisho alikuwa kijana mweusi, peke yake katika kundi lile. Alibonyeza taratibu, akasema, "Ahsante, bwana." Huyo ndiye niliyepata moyo wa kumuuliza: Daktari Nasor yuko wapi?

"Yuko mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Wa pili wa udaktari, au wa chuo?"

Sikujua kama ni vitu viwili. Akanifafanulia kwa upole: kwanza miaka minne ya chuo kikuu, na hicho kiko mji mwingine, Tuskalusa, kisha kugombea nafasi hapa, miaka mingine minne, kisha, kwa anayetaka kupasua macho, bado miaka. "Na mimi," akaongeza, "si zamani sana ningeingia hapa kwa ufagio tu, au kwa machela. Mlango wetu sisi weusi umefunguliwa juzi."

Nikamwambia wetu umefunguliwa mwaka huu, tena wa mji mzima. Tukapeana mikono.

Tuskalusa nilifika kwa basi. Nasor nilimkuta maabara, chura mkononi.

"Mjomba!" Akataka kunikumbatia, nikarudi nyuma kwa ajili ya chura.

"Umeshamtibu nani mpaka sasa?"

"Huyu."

"Amepona?"

"Alikuja amekwisha kufa, mjomba."

Nilipomweleza habari za Bi Moza, akaketi. "Ananingoja mimi? Wallahi, mwambie asingoje!"

"Mbona hukumwambia mama yako?"

"Niliandika nimeingia chuo kikuu. Majibu yakaja, 'Kwa Daktari Nasor'. Nikaona haya." Tukaimaliza halwa.

Nikiwa ndegeni kurudi, nilitunga uongo mzuri: Nasor atarudi karibuni, inshaallah. Matrah nikakuta dada amekwisha kuandaa kahawa, na Bi Moza kang'ang'ania kunimiminia mwenyewe. Kahawa yote ikaenda mkekani, na yeye akaninyooshea kikombe kitupu, anatabasamu. Uongo ukanishinda. Nikasema yote, miaka kumi na chura.

"Miaka kumi!" dada akalia. "Kwani anasomea macho ya dunia nzima?"

Ili kumtuliza nikasimulia na habari ya bandama. Nilichojifunza ndicho hicho: daktari hutengenezwa kwa matumbo ya watu wasiojua kukataa, na hutengenezwa polepole mno kwa jicho linalongoja. Dada hakucheka. Bi Moza ndiye aliyecheka, mpaka akajifuta lile jicho lenye ukungu, kisha akainuka akipapasa ukuta.

"Kumbe bandama lako limeingia skuli ya udaktari kabla ya Nasor! Salma, nipe buibui langu, na weye Seif nishike mkono. Nnakwenda kwa Mmarekani wa hapa hapa, leo hii, na huyo daktari wenu akija, nimwone mwenyewe kama amenenepa."