Mlinzi wa Mkate

Mzee Hakimu wa Kamembe alioka mikate maisha yake yote, na Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi nene iliyochakaa. Humo alisoma kwamba neno “lord”, yaani bwana mkubwa, hapo kale lilikuwa maneno mawili: mkate na mlinzi. Bwana wa Waingereza alikuwa mtu anayelinda mkate wa nyumba na kuwagawia watu wake.

Habari hiyo ilimgusa sana, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Hakuna aliyetia kitu kinywani kabla baba hajasema bismillahi na kumega mkate. Siku hizi kila mtu nyumbani kwake hula saa yake, simu mkononi. Basi Ijumaa moja alioka mkate mkubwa, akawaita wanawe ili wale pamoja, japo mara moja kabla hajafa.

“Nilishakula ku kazi, Papa,” alisema Twahiru, mwanawe wa kiume.

Mzee akawasimulia lile neno. Nasiba, binti yake, akacheka.

“Bale Bazungu benyewe mukate wao unakatwa na mashini, Papa. Lord wao sasa ni mashini.”

“Lakini neno bado wanalo.”

“Neno halishibishi muntu.”

Hakimu aliona ni kweli. Hata wenye neno walibaki na jina tu. Alipomaliza kusema bismillahi na kumega mkate, Twahiru alikuwa ameshatoka, na Nasiba alikuwa chumbani akitafuta chaja. Mzee alikula peke yake, na hakuwaita tena.