Kigae Nilichokivuta

Siku ile tulikuwepo mwalimu wa gredi ya tano na wanafunzi wake ishirini na sita. Mzee mwenye shamba, aliyekalia ndoo akitutazama. Mama wa mapacha. Baba mmoja mwenye duka la dawa za ng'ombe. Wazazi wengine ambao sikuwajua. Ndugu yangu mdogo, na mimi.

Baba na mama yetu walishakufa. Niliacha shule nikiwa darasa la saba ili wadogo wangu wasome, na tangu hapo nilikuwa naingia shuleni siku za kuchukua ripoti tu. Sasa shule ilitaka kila mtoto aje na mtu mzima wake, twende Kiplombe kuchimba shimo la Wasirikwa. Mashamba ya huku yana mashimo hayo, ya duara, mapana kama zizi. Inasemekana yalikuwa mazizi kweli, ya watu waliofuga hapa zamani. Tunapolima, tunayazunguka.

Mwalimu alitugawia miraba iliyozungushiwa uzi, kila mmoja mita moja kwa mita moja. Tukapewa mwiko wa fundi, brashi ya rangi na ndoo.

"Mkiona kitu, msikitoe," akasema. "Niiteni. Tunapima, tunachora, halafu ndiyo kinatoka. Atakayevuta kitu atatoka kwenye mraba."

"Hata mzazi, mwalimu?" aliuliza baba wa duka.

"Wewe nani atakutoa?" mama wa mapacha akadakia. "Umejaa hapo kama ng'ombe kwenye dipu la kuogeshea!"

Tulicheka wote. Kisha mama huyo akanigeukia. "Na wewe uko gredi gani?"

"Mimi ni mzazi," nikasema, na wakacheka tena.

Ndugu yangu alikuwa ameingojea siku hiyo muhula mzima. Kila aliyepita kwetu aliambiwa kwamba mchoro wa kwanza kwenye ramani ya darasa utakuwa wake. "Polepole, Siz," akanionyesha; ndivyo anavyoniita mimi dada yake. "Kama unakwangua ugali ulioshika sufuria."

Tulikwangua karibu saa nzima. Udongo mwekundu uliisha, ukaja wa kijivu wenye majivu, na kusema kweli nilikuwa na furaha. Halafu ukingo wa kitu cheusi ukachungulia upande wangu.

Kibarua changu ni kuvuna viazi kwenye mashamba ya watu. Ukiona bega la kiazi unaingiza vidole chini yake na kukitoa upesi, kabla jembe la mwenzako halijakikata. Mkono haukuniuliza. Nilishtuka nimeshika kigae cha chungu, kina mistari iliyochorwa kwa kijiti.

"Siz!" alinong'ona. "Rudisha!"

Nilijaribu. Udongo ulikuwa umebomoka, na sikukumbuka upande upi ulikuwa juu.

Mwalimu akafika. "Nani ametoa hiki?"

Nilifungua mdomo, lakini ndugu yangu aliniwahi. "Ni mimi, mwalimu."

Alipelekwa kukaa nyasini karibu na mzee. Mwalimu akaniambia, "Wewe endelea tu, unafanya vizuri."

Uzi ule ulinifika chini ya goti. Hatua moja tu ningekuwa nje, niseme ukweli. Lakini wazazi wote walikuwa wamegeuka kutazama, nami niliogopa kuondoka shuleni mara ya pili. Nikainama, nikakwangua mpaka saa saba, sithubutu kutazama nyasini.

Njiani nilimuuliza kwa nini alifanya vile.

"Mimi nitachimba tena," akasema. "Wewe ungerudi lini?"

Wiki iliyofuata alileta karatasi nyumbani: hafuati maagizo, hatashiriki uchimbaji mwingine. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Niliikalia siku mbili, kisha nikatia sahihi.

Tangu hapo nimefika kwa mwalimu mara nyingi. Huniuliza kama kijana amejirekebisha, nami namjibu kwamba anajitahidi. Kila nikikaa kimya inakuwa vigumu zaidi, maana sasa itabidi nieleze pia kwa nini nilitia sahihi.

Ndugu yangu hajawahi kulitaja jambo hilo. Ananidai, na anajua ananidai, lakini asubuhi huniuliza tu kama soksi zake zimekauka.