Nimelikata Blanketi la Mahari, Nimelitia Ndani ya Spika

Admin, naomba unifichie jina. Mji wetu huu ni mdogo, tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Sisi hapa nyumbani tunashukuru Mungu. Baba watoto mzima, goti ndilo linamsumbua baridi ikiingia. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, mzima, masikio tu yamechoka. Wa mwisho yuko shule, mzima. Mbuzi wamezaa. Binti yangu mkubwa, nitamwita Neema ingawa siyo jina lake, naye mzima wa mwili, ila moyo ndiyo sijui, na ndiyo maana naandika. Mimi mama yao nina miaka arobaini na nane, niko Babati, upande wa Bonga. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi nisomeeni hivyo hivyo.

Neema ni fundi wa spika. Watu wanamletea spika za nyumbani na masabufa yanayokoroma, wengine wanatoka hadi Mutuka. Anatoa boksi la mbao nyembamba anaweka nene, anaziba nyufa kwa gundi, anatoboa tundu na kuchomeka kipande cha bomba ili besi ipate pa kupumulia, anaongeza kaspika kadogo ka sauti nyembamba. Kazi hiyo anaifanyia hapa uani kwangu, na mimi namshikia mbao.

Mwaka huu kijana mmoja dereva wa bajaji akaleta posa. Kijana mpole, Neema anamtaka, na mimi nampenda. Wazee wake walipokuja walitanguliza blanketi la mama. Kwa wasiojua, kwetu kabla ya mahari nyingine yoyote mama wa binti anapewa blanketi, shukrani ya kumbeba mtoto mgongoni. Jekundu, zito, jipya. Wakasema mengine watakuja kuyamalizia. Nikalitia kabatini.

Sasa siku hizo Neema alikuwa anamtengenezea bibi yake spika ya redio. Bibi anapenda ibada ya redioni, lakini alikuwa anasikia mvumo tu, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Neema akafanya yote ninayoyajua, besi ikaja nzuri, maneno bado hayaeleweki. Akaniambia, "Mama, humo ndani kuna mwangwi. Kuta zinataka kitu kizito cha kuunywa. Huna nguo nzito ya zamani?" Nikatafuta, nguo zangu zote zimechakaa zimekuwa nyepesi kama karatasi. Nikafungua kabati. Neema akashtuka, "Mama, hilo si la mahari!"

Nikamwambia, "La mahari ya mgongo wa nani? Aliyekubeba ni nani?"

Nikashika mkasi mwenyewe. Tukabandika vipande kuta zote za ndani, tukafunga. Redio ilipowashwa, mama mkwe akageukia mlangoni akasema, "Karibu ndani mchungaji, mbona umesimama?" Jamani, tulicheka mpaka tukalia.

Basi shangazi wa kijana akaja kusalimia, macho yanazunguka mpaka kitandani kwangu. "Mama Neema, blanketi letu silioni."

"Lakini unalisikia," nikamwambia. "Ndilo hilo linaimba kwaya."

Alidhani natania. Nilipomweleza akashika kichwa, akaondoka hata chai hajamaliza. Nilijua watakasirika. Kumbe walifurahi! Wakatuma mjumbe kwamba blanketi la mama likiwa zima linarudishika, na posa inarudi nalo, ila likishapita mkasi mama amekubali yote, binti ni wao. Na eti kwao mwanamke hashindi na bisibisi anafungua maspika ya wanaume. Kwa hiyo Neema aache hiyo kazi kuanzia sasa, blanketi limeshasema. Hiyo mila ya mkasi naijua, nimezaliwa nayo. Siku ile haikunijia kichwani hata kidogo, nilikuwa nawaza masikio ya bibi.

Mume wangu anasema, "Kubali yaishe. Spika na ndoa, kipi kikubwa?" Nikamjibu, "Baba Neema, na jana aliyejinyoosha mbele ya hiyo spika akisikiliza mpira alikuwa nani?" Akaanza kulikanda goti lake. Kijana mwenyewe alikuja, ameinamisha kichwa. "Mama, mimi sina shida na kazi yake. Hata spika za bajaji yangu kazitengeneza yeye. Ila wazee siwezi kuwajibu." Neema akamwambia, "Kwa hiyo niwajibu mimi?" Alipoondoka akaniambia, "Mama, namtaka yeye. Lakini bisibisi siiachi." Halafu akainama kwenye kazi, machozi yanatoka, anasingizia moshi wa risasi ya kuunganishia waya.

Jamani, kuomba radhi siombi. Nililikata blanketi kwa ajili ya kazi ya mwanangu, leo blanketi hilo hilo ndilo liiue kazi yake? Haiwezekani! Nimewaza niifungue spika, nivitoe vile vipande, nivishone, niwarudishie na mishono yake, wajue mkasi wa mama hausemi kumzidi mama. Lakini nikishona nimeivunja posa kwa mkono wangu, na mwanangu anampenda yule kijana. Na bibi atarudi kumsikiliza mchungaji wa kwenye pipa. Nikikaa kimya, watasema nimekubali.

Wanakuja Jumapili hii baada ya ibada. Roho yangu inaniambia niwakalishe pale mbele, niiwashe ile spika, niwaambie, "Blanketi lenu hilo mnalisikia. Mnamtaka na bisibisi yake, au hammtaki?" Usiku silali, naogopa nisije nikamharibia mwanangu nyumba kabla hajaingia.

Nishaurini, nishone au niwashe? Nijibuni mapema kabla ya hiyo Jumapili. Na wewe unayetaka kuniandikia ninyamaze, usijisumbue.