Gauni la Kanisani Kwenye Filamu ya Uswahilini

Nilikuwa darasa la nne pale vijana watatu wenye kamera walipoingia uani kwetu, Vingunguti. Walisema wanatengeneza filamu ya maisha ya watoto wa uswahilini, na wanamtafuta mtoto wa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani. Kati ya watoto wote wa nyumba ile ya vyumba sita, wakanichagua mie.

Mama alifurahi kuliko hata mie. Alinipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akanivika gauni langu la kanisani, viatu na soksi nyeupe.

Mwongozaji wao aliponiona akakuna kichwa.

"Shikamoo mama. Samahani, tulikuwa tunaomba avae nguo ya kawaida. Ikiwa imechanika kidogo ndo safi. Na avue viatu."

"Marahaba. Ichanike kwa nini?"

"Filamu inahusu maisha magumu, mama."

"Maisha magumu nayajua, baba. Lakini sindano na uzi ninavyo. Mwanangu hatoki hapa kama mtoto asiye na mama."

Majirani waliokuwa wanafua wakaangua kicheko. Mie machozi yalikuwa yananilengalenga; niliona bahati yangu inaota mbawa. Yule kijana akamtazama mama, kisha akasema, "Basi sawa. Apite hivyo hivyo."

Nikapita na ndoo mara nne, soksi zimelowa chapachapa, natembea kama bibi harusi. Tulipoenda kuitazama kwenye banda la video, nilionekana kidogo tu, lakini mtaa mzima ulinishangilia. Wiki nzima wenzangu waliniita staa.

Mama alifariki kabla sijajifungua binti yangu. Siku hizi naishi Goba. Mwezi uliopita mdogo wangu aliipata filamu ile, akanitumia kwenye simu. Nikakaa na binti yangu sebuleni tukaitazama. Yule mtoto wa gauni akatokea na ndoo yake, na mara, pembeni ya picha, mwanamke asiyeonekana akasema: "Taratibu mama, usije ukaanguka."

Sikukumbuka kabisa kwamba alisema vile. Siku ile bandani, kwa kelele zile, nani angesikia?

"Nani huyo anaongea?" binti yangu akauliza.

"Bibi yako."

Alinitazama, akaichukua simu mkononi mwangu, akairudisha nyuma, akaisogeza sikioni.