Herufi moja ilivyokimbiza kijiji: siku ya "kusikia kiboko" Basotu

Wakuu, heshima zenu. Vijana wa umri wa wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea. Ninachoandika kilinikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na mpaka leo nikikikumbuka natazama chini.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana kutoka Morogoro, nimepangiwa kijiji kipya kando ya Ziwa Basotu. Wanakijiji wengi walikuwa wamehamishiwa pale kwa nguvu. Wengine nyumba zilibomolewa wakiangalia.

Shida yetu ilikuwa viboko. Wanatoka ziwani, wanamaliza mahindi ya shamba la kijiji. Kamati ikaomba wapigwe risasi wote.

Akaja bwana wanyamapori, mtu wa Tanga, mpole.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Anaingia na mtumbwi kwenye matete, anatumbukiza kasia majini, anaweka sikio kwenye mpini. Kiboko akinguruma huko chini, sauti inapanda na mti. Aliniambia baharini wataalamu wanawafuatilia nyangumi hivyo hivyo, wale wanaokaribia kwisha, ila wao wana mitambo.

Nilidhani ananitania. Nikaweka sikio. Wakuu, mwili ulisisimka!

Akasema waliobaki ni familia moja tu. "Mwalimu, nikiwaambia mimi hawataamini. Waje wasikilize wenyewe, ndipo waamue."

Mjumbe nikawa mimi. Nikasimama paredi, fimbo mkononi kama kawaida, nikawaambia wanafunzi: "Kawaambieni wazazi wenu, kesho asubuhi wote waje ziwani kusikia kiboko."

Mmeona nilipoteleza? Ningesema "kumsikia". Herufi m tu. Na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, jamani.

Asubuhi ziwani hakuna mtu. Tukarudi kijijini: milango wazi, majivu jikoni bado ya moto, ng'ombe hawapo. Watu walikuwa njiani kuelekea Getanuwas, watoto migongoni, wanakimbia viboko vyangu.

Nikapanda baiskeli nikawafuata. Wa kwanza kumfikia ni Mama Paskalina, mjane, mzazi wa mwanafunzi wangu. Akapiga magoti. Mama wa umri wa mama yangu, ananipigia magoti mimi!

"Mwalimu, tusamehe. Kosa yetu hatujui, lakini tusamehe."

Nikaeleza haraka haraka kwamba ni mnyama, yule wa majini. Akaniangalia, kisha akaiangalia fimbo niliyoifunga kwenye baiskeli.

"Ile ya majini hujatuambia hata siku moja. Sisi tunajua hii. Watoto wanakuja nyumbani na alama yake."

Niliona aibu, wakuu. Wala si aibu ya sarufi.

Wakarudi, polepole, bila kuniamini. Mama Paskalina ndiye aliyetangulia mtumbwini. Akaweka sikio kwenye kasia, akatulia, halafu akacheka.

"Kuna moja mkubwa anakoroma kama marehemu mume yangu. Na kuna mtoto anamjibu!"

Watu wakapanga foleni. Asubuhi ile ile ombi la kuwaua likaondolewa, wakakubaliana kuchimba mtaro kuzunguka mahindi. Bwana wanyamapori alifurahi mno.

Nikadhani yamekwisha. Mama Paskalina akanigeukia mbele ya wote.

"Mwalimu, kiboko ya majini tumesikia. Sasa hiyo yako je?"

Nikaifungua fimbo, nikaitupa ziwani kwa nguvu zangu zote.

Ikaelea. Upepo ukairudisha taratibu mpaka miguuni pangu, na hakuna aliyecheka. Nikainama nikaiokota, nikaivunja kwa goti.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikukimbia, kabla hujamwambia amesikia vibaya, angalia umeshika nini mkononi.

Walimu wenzangu mliomo humu, na nyie mliochapwa, uwanja ni wenu. Nichapeni, ila kwa maneno.